Si Mtandao, Ni Sisi: Kwa Nini Muamala Wako Unachelewa Kupatikana

Mama mmoja mwenye duka pale Buna alitupigia simu mwendo wa saa nne asubuhi. Alikuwa ametuma shilingi 14,500 kwa muuzaji wa jumla Moyale, ili lori linaloteremka kuelekea Wajir limshushie unga, sukari na mafuta ya kupikia. Alikosea tarakimu moja tu ya nambari ya simu. Kabla ya kuthibitisha, simu ilimwonyesha jina la anayepokea: Mohamed Abdi. Na kweli yeye alikuwa anamtumia Mohamed Abdi. Akabonyeza.

Ukiwa Nairobi utasema, si angeangalia jina vizuri? Aliangalia. Mohamed Abdi wa kwanza na Mohamed Abdi wa pili. Sasa hapo utamlaumu nani?

Mhudumu wetu alimuuliza nambari ya muamala. "Mwanangu, meseji imefutwa." Simu yake ni mulika mwizi, hujaa meseji haraka, na mjukuu wake ndiye hufuta ili nafasi ipatikane. Basi mhudumu akaandika kwenye skrini yale aliyokuwa nayo: nambari ya laini ya mama, tarehe ya siku hiyo, kiasi cha pesa. Akabonyeza tafuta. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Mama akauliza, "Umepata?" Mhudumu akajibu vile sisi sote tumezoea kujibu: "Mama, mtandao unasumbua kidogo, naomba usubiri."

Muamala ulipopatikana zilikuwa zimepita dakika zaidi ya kumi, na aliyepokea alikuwa ameshatoa pesa kwa ajenti. Hatukuwa na kitu cha kuzuia. Hatujui kama angewahiwa tungepata muamala ndani ya dakika moja. Labda alitoa pesa dakika ya pili. Lakini labda alitoa dakika ya tisa, na hiyo labda ndiyo imetufanya tuandike.

Kwa sababu ile sentensi ya mtandao haikuwa kweli. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzima. Shida ilikuwa ndani kwetu, kwenye hifadhidata, mahali ambapo kila shilingi unayotuma inaandikwa. Na kwa maoni yetu mteja ana haki ya kujua hivyo, hata kama maelezo yake ni marefu kuliko neno "mtandao".

Sisi tunaoandika hapa tulisomea masoko, si kompyuta. Ilibidi tuketi na wenzetu wa hifadhidata, tuulize maswali ya kitoto, mpaka tukaelewa. Tutajaribu kukueleza vile tulivyoelezwa.

Chapa ya ngamia

Chukua jedwali moja kubwa. Kila ukituma pesa, mstari mmoja unaongezwa: nani ametuma, nani amepokea, kiasi, saa, nambari ya muamala. Mistari hiyo haifutwi hovyo, kwa hiyo baada ya miaka michache inafika mamilioni ya mamilioni ya maandishi. Mpangilio huu wa majedwali ulielezwa na mtaalamu wa IBM, E. F. Codd, mwaka wa 1970, na mpaka leo benki, hospitali na huduma za pesa kwa simu zinautumia.

Sasa mtu akisema, nitafutie mstari mmoja. Njia ya kwanza ni kusoma jedwali zima kuanzia juu hadi chini. Utaupata, lakini ni kama kumtafuta ngamia mmoja kwa kumkagua kila ngamia kati ya Buna na Bute.

Mfugaji hafanyi hivyo. Ngamia ana chapa, ile ambayo Wasomali huiita sumad, iliyochomwa mwilini mwake. Ukiwa unamtafuta ngamia wako, unaulizia chapa. Chapa inakwambia ukoo, ukoo unakwambia wachungaji ni akina nani, wachungaji wanakwambia wamelisha upande gani. Hatua tatu nne, umefika. Hukulazimika kumwangalia kila mnyama machoni.

Kwenye hifadhidata kitu hicho kinaitwa faharasa, kama ile iliyo mwisho wa kitabu. Ni orodha ya pembeni, imepangwa kwa utaratibu, inayosema mstari wa muamala fulani uko wapi. Faharasa nyingi zimejengwa kama mti: shina, matawi, vitawi. Mti huo ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa kampuni ya Boeing, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hesabu yake inashangaza. Kila ukurasa wa mti ukibeba viingilio 300, basi ngazi nne tu zinatosha kufikia mistari zaidi ya bilioni 8. Yaani hatua nne badala ya kusoma mabilioni.

Na nambari ya muamala ndiyo chapa bora kuliko zote, kwa sababu haijirudii. Kuna muamala mmoja tu wenye nambari hiyo duniani. Mashine ikipewa nambari hiyo haina haja ya kufikiri: inashuka ngazi zake, inachukua mstari, imemaliza.

Ndiyo maana kila mhudumu anaanza na swali hilo hilo. Si kwamba anakusumbua.

Jina si chapa

Wateja wengi wa Buna wanatuuliza, kwani hamwezi kutafuta kwa jina? Si jina langu mnalo, na la huyo niliyemtumia mnalo pia?

Tunalo. Lakini fikiria Wajir Kaskazini yote, halafu mtu asimame sokoni aite, "Mohamed!" Au "Halima!" Watageuka wangapi? Faharasa ya jina inasaidia pale ambapo jina ni la nadra. Jina ambalo kule Kisumu wako maelfu, hapa Buna pengine yuko mwalimu mmoja tu. Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Mashine inapopewa jina la kawaida, faharasa inakuwa kama chapa moja iliyochomwa kwa kila ngamia wa kaunti nzima. Ipo, lakini haikupeleki popote.

Iko sababu ya pili, na hii tunaiunga mkono kabisa. Kutafuta watu kwa majina ni mlango wa udaku. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kampuni yoyote Kenya inatakiwa kuwa na sababu halali ya kufungua habari za mtu. Mhudumu anayeweza kuandika jina la jirani yake na kuona alitumiwa pesa na nani si mhudumu tunayemtaka. Kwa hiyo hapo, hata kama mashine ingeweza, tungesema hapana.

Kwa nini basi tusiweke faharasa kwa kila kitu kingine: kiasi, tarehe, ajenti, mji? Kwa sababu kila faharasa ina gharama, na gharama hiyo unailipa wewe unapotuma. Ukituma shilingi 200, mstari wa jedwali unaandikwa, halafu kila faharasa inabidi nayo iandikwe mahali pake sahihi. Faharasa tano, maandishi matano ya ziada. Faharasa ishirini, na mwisho wa mwezi, watu wote wanatuma kwa pamoja, kutuma kwenyewe kunakuwa kuzito. Halafu zipo faharasa zilizowekwa zamani kwa ripoti ambayo hakuna mtu anaisoma tena. Zinakaa tu, zinakula nafasi, kila muamala unazilipia kodi. Wenzetu walipozikagua zetu waliona haya kidogo.

Kwa hiyo ni kuchagua. Na maoni yetu ni kwamba kampuni za pesa kwa simu, sisi tukiwemo, tumechagua kwa kuangalia upande mmoja. Kutuma kunapimwa kila sekunde, kuna vibao ukutani vinavyoonyesha. Kutafuta pesa iliyopotea hakupimwi hivyo. Anayetuma ni mteja anayetuletea mapato. Anayetafuta ni mteja mwenye shida. Na shida yake inaonekana kama ya mtu mmoja mmoja, mbali, barabara ya Moyale huko.

Mzee aliyeulizwa kuhusu kisima

Lakini turudi kwa yule mama. Nambari ya laini yake tulikuwa nayo, na faharasa ya nambari za laini ipo. Mhudumu alitafuta kwa laini, tarehe na kiasi. Mbona ilichukua dakika kumi?

Hapa ndipo sisi wenyewe tulishangaa.

Hifadhidata ikipewa swali lenye vitu vitatu, haiendi moja kwa moja. Ndani yake kuna kipangaji, programu inayoamua njia ipi ni fupi. Wazo hilo la kulinganisha gharama za njia mbalimbali lilielezwa na Patricia Selinger na wenzake wa IBM mwaka wa 1979, na bado ndilo linalotumika. Kipangaji kilikuwa na njia mbili kwa swali la mama. Njia moja, kwenda kwenye faharasa ya laini, kuchukua miamala yote ya laini yake, halafu kuchuja ya leo. Njia nyingine, kwenda kwenye faharasa ya tarehe, kuchukua miamala yote ya leo, halafu kuchuja ya laini yake.

Mtu yeyote angechagua ya kwanza. Duka la mama limefanya miamala mingi, lakini haiwezi kulingana na miamala ya nchi nzima ya siku moja. Sasa kipangaji kinajuaje? Hakihesabu kwanza, kwa maana kuhesabu kungechukua muda ule ule. Kinategemea takwimu: kumbukumbu fupi inayosema jedwali lina mistari mingapi, laini ya kawaida ina miamala mingapi, tarehe fulani ina miamala mingapi. Na takwimu hizo hukusanywa mara moja moja, siyo kila sekunde.

Ni kama umepotelewa na ngamia, ukamuuliza mzee: niende kisimani, au nifuate kundi langu porini? Mzee anasema, "Nenda kisimani, pale kuna ngamia wawili tu, utamwona wako mara moja." Unafika kisimani unakuta ngamia elfu mbili, kwa sababu kisima cha upande wa pili kimeharibika mashine na wafugaji wote wamehamia hapa. Mzee hakusema uongo. Alisema habari za wiki iliyopita.

Takwimu zetu zilikuwa zimekusanywa siku kadhaa kabla ya simu ya mama. Tarehe ya siku hiyo haikuwemo kabisa. Mwisho wa kumbukumbu ulikuwa tarehe za nyuma. Kipangaji kilipoulizwa kuhusu leo kikakadiria, "Leo? Leo hakuna kitu, labda mistari michache." Kikachukua njia ya tarehe. Na njia hiyo ilikuwa na miamala ya nchi nzima tangu usiku wa manane, yote ikapitiwa mmoja baada ya mwingine kumtafuta mama mmoja wa Buna.

Tuliposikia hivyo tuliuliza mara mbili, kwa sababu tulidhani hatukuelewa. Yaani siku ambayo mashine inaijua vibaya kuliko zote ni leo? Ndiyo. Na mteja aliyekosea nambari anapiga simu lini? Leo. Hakuna anayekosea Jumatatu akasubiri Ijumaa. Kwa hiyo udhaifu huu unaangukia hasa wale wenye haraka zaidi.

Si sisi peke yetu. Ni tabia inayojulikana kwa mifumo ya aina hii. Tazama PostgreSQL, hifadhidata ya bure inayotumika duniani kote. Ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, inakusanya takwimu upya za jedwali pale karibu asilimia 10 ya mistari inapokuwa imebadilika. Kwa jedwali la mistari elfu moja hiyo ni sawa, mabadiliko mia na ushei yanatosha. Kwa jedwali la mistari bilioni moja, ni mabadiliko milioni 100. Tuseme kampuni inaandika miamala milioni 5 kwa siku: zitapita siku 20 kabla mzee wetu hajaenda tena kuangalia kisima. Oracle nayo, kwa kawaida yake, inahesabu takwimu kuwa zimechakaa kwa kiwango hicho hicho cha asilimia 10. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa, na wanaojua kazi yao huubadilisha kwa majedwali makubwa. Lakini lazima mtu akumbuke.

Na hata takwimu zikikusanywa, ni sampuli. Hiyo PostgreSQL, kwa mpangilio wa kawaida, huchukua kama mistari 30,000 tu na kuandika orodha ya vitu 100 vinavyojirudia zaidi kwa kila safu. Buna iko wapi kwenye sampuli ya mistari 30,000 iliyookotwa kutoka nchi nzima? Ajenti wa Mombasa ataonekana. Ajenti wa Korondile pengine hataonekana hata mara moja, na kipangaji kitamkadiria kwa wastani wa wengine.

Kalenda ya nani?

Hapa ndipo msimamo wetu ulipo, na si kila mtu ofisini anakubaliana nasi.

Kazi ya kukusanya takwimu hupangwa kwa kalenda ya mafundi. Usiku wa manane, au mwisho wa wiki, pale ambapo mashine zimepumzika. Inaeleweka. Lakini pesa za Buna haziendi kwa kalenda hiyo. Mpango wa HSNP, ulioanza na kaunti nne za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, umekuwa ukilipa familia shilingi 5,400 kila miezi miwili kupitia akaunti za benki. Siku pesa hiyo inapofika, familia inalipa deni dukani, na duka saa hiyo hiyo linatuma kwa simu kwenda Moyale au Wajir. Pesa ya benki imegeuka miamala yetu kabla ya adhuhuri. Ongeza siku za kuamkia Idi. Ongeza wiki ya kufungua shule, wazazi wanapotuma karo. Ongeza ukame: kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na ndugu walioko mijini wakawa wanatuma pesa ya maji na chakula kwa watu ambao kabla ya hapo walikuwa wanapokea mara moja moja. Takwimu zilizokusanywa kabla ya hapo zilimjua mfugaji kama mtu wa miamala miwili kwa mwezi.

Tunaona takwimu zikusanywe kwa kufuata kalenda ya mteja. Ikijulikana leo ni siku ya malipo makubwa, mzee apelekwe kisimani asubuhi na tena mchana. Si jedwali zima. Hata sehemu ya miamala ya siku za karibuni peke yake ingetosha. Na wanapojaribu mabadiliko, wasijaribu kwa data ya Nairobi tu. Wajaribu kwa mji ambao nusu ya wanaume wanaitwa majina matano.

Wenzetu wa hifadhidata walitujibu kwa uzito, na tunawatendea haki kwa kuandika jibu lao. Walisema takwimu mpya si dawa isiyo na madhara. Ukizibadilisha mchana, kipangaji kinaweza kubadilisha njia ya maswali mengine yote, na swali lililokuwa linachukua nusu sekunde likaanza kuchukua nusu dakika, saa ambayo watu wanatuma kwa wingi. Ndiyo maana wako mafundi wenye uzoefu ambao huzifunga takwimu makusudi, zisiguswe, kwa kuwa njia mbaya unayoijua ni afadhali kuliko njia nzuri usiyoijua. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini walikubali jambo moja: kwa maswali ya wahudumu wanaotafuta pesa iliyopotea, njia inaweza kuwekwa wazi. Faharasa moja yenye vitu viwili kwa mpangilio, laini kwanza, kisha saa. Kama kitabu cha shule kilichopangwa kwa darasa, na ndani ya darasa kwa jina. Ukiwa na laini ya mteja unafungua ukurasa wake, na miamala ya leo imekaa mwishoni kabisa. Kipangaji hakina cha kukisia vibaya hapo. Mpangilio ukigeuzwa, saa kwanza kisha laini, tumerudi kisimani kwenye ngamia elfu mbili.

Faharasa hiyo sasa ipo. Imeongeza kazi kidogo kwa kila anayetuma, na tunaamini ni gharama ya haki. Faharasa tatu za zile ripoti zisizosomwa zimeondolewa kufidia.

Jambo la pili tulilolitaka ni dogo zaidi na limekuwa gumu zaidi: wahudumu waache kusema mtandao. Mtandao wa Buna kweli husumbua, hatukatai. Mnara ukikosa umeme kila mtu anajua. Lakini neno hilo limekuwa shuka la kufunikia kila kitu. Wengine hudhani ni umbali. Hadi 2015 mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani, na bado watu wa Kenya walitumiana pesa kutwa. Habari hufika Ulaya na kurudi ndani ya sehemu ya sekunde. Ukiona mtu anatafuta muamala wako kwa dakika kumi, umbali si jibu. Mhudumu aseme, "Mfumo wetu unatafuta polepole, nakutafutia njia nyingine." Mteja akijua hivyo anaweza kuamua: asubiri, au amtumie mtu kwa pikipiki kwa ajenti aliye karibu.

Upande wako

Tungesema uongo tukikwambia kila kitu kiko kwetu. Ile nambari ya muamala bado ndiyo njia fupi kuliko zote, na itabaki hivyo.

Huhitaji kuihifadhi kwenye simu. Kila duka Buna lina daftari la madeni. Ukituma pesa ya mzigo, andika nambari ya muamala pembeni ya jina la uliyemtumia, kabla hujaiweka simu mfukoni. Kwa M-Pesa ni herufi na tarakimu kumi. Na hazikuokotwa tu: tatu za mwanzo zinasema mwaka, mwezi na siku. Muamala unaoanza na NLJ, kwa mfano, ni wa tarehe 19 Desemba 2019. N ni mwaka huo, L ni herufi ya kumi na mbili kwa hiyo ni Desemba, na kwa siku wanahesabu 1 hadi 9, halafu A ni kumi, B kumi na moja, mpaka J unafika kumi na tisa. Mtu akikuonyesha meseji ya malipo dukani akadai amelipa leo, angalia herufi ya pili na ya tatu. Wako walionusurika na meseji za kughushi kwa kujua hilo tu.

Kama nambari huna, tupe laini iliyotuma, halafu saa ya karibu, halafu kiasi. Laini iliyotuma, siyo unayopigia. Wengi hupiga kwa simu ya jirani, mhudumu akaanza kutafuta laini ya jirani. "Nilituma baada ya swala ya adhuhuri" ni habari nzuri kwetu kuliko "nilituma shilingi 3,000", kwa sababu saa iko kwenye faharasa na kiasi hakipo.

Na ukituma ukaona kimya, usitume tena. Angalia salio kwanza. Mara nyingi muamala wa kwanza uko njiani, na ule wa pili utakuwa zawadi. PIN yako hatuitaki, hata tukiwa tunatafuta pesa yako mwenyewe. Anayeiulizia si sisi.

Yule mama hatukumrudishia pesa yake, kwa kuwa kanuni inahesabu kosa la nambari kuwa la mtumaji. Kuhusu kanuni hiyo tuna maoni pia, hasa pale ambapo kuchelewa ni kwetu, na tumeyapeleka kwa wakubwa wetu kwa maandishi. Hawajajibu. Mama mwenyewe bado ni mteja. Juzi alipiga kuhusu muamala mwingine, na kabla mhudumu hajamaliza kujitambulisha alikuwa ameshasoma herufi kumi kutoka kwenye daftari lake, moja moja, kwa sauti. Mhudumu alipata muamala kabla hawajafika kwenye salamu. Kisha wakasalimiana vizuri, habari za mvua, habari za watoto, mpaka salio la mama la kupiga simu likaisha.